Figo Lililotulia na Mirija Iliyochoka: Maelezo kwa Msomaji wa Kiswahili, kwa Kurejelea Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kumwona mwanafunzi wa fasihi akiziacha tenzi na riwaya na kuandika juu ya figo. Sababu yangu ni hii. Kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, nilifundisha kwa miaka miwili katika shule moja ya upili huko Kakuma. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Lodwar na mtu aliyenizidi umri kwa miaka mingi, alikuwa amepandikizwa figo alilopewa na dada yake. Kila aliporudi kutoka kliniki alitueleza kwa furaha kwamba ameambiwa figo limetulia. Hata hivyo, usiku misuli ya miguu ilimkaza hata akapiga kelele, aliamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na mchana mkono wake ulitetemeka alipoandika ubaoni. Siku moja alinipa karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa Kiingereza, akasema: "Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa lugha. Hebu nisomee hii kwa Kiswahili nielewe. Kama figo limetulia, mbona mimi mwenyewe sijatulia?"

Sikuweza kumjibu. Nilijua kuchambua taswira na mtindo, lakini sikujua kueleza kwa lugha yangu kazi ya kiungo ambacho mwenzangu alikuwa akikitegemea kwa uhai wake. Makala hii ni jaribio la kulilipa deni hilo. Inakusudia kueleza mambo matatu: figo hufanya kazi gani, kwa nini figo lililopandikizwa linaweza kuonekana zima katika kipimo kikuu ilhali mirija yake imedhoofika, na jambo hilo lina uzito gani kwa mtu anayeishi Turkana. Ieleweke tangu mwanzo kwamba mwandishi si tabibu. Yaliyomo humu ni ya kumsaidia mgonjwa na jamaa zake kuuliza maswali, wala si ya kuchukua nafasi ya daktari.

Kazi ya figo: kutoa na kurudisha

Watu wengi hulieleza figo kuwa ni chujio. Maelezo hayo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Kila figo lina takriban vitengo milioni moja vidogo sana viitwavyo nefroni. Kila nefroni ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu, nacho ndicho chujio lenyewe. Ya pili ni mrija mrefu unaopinda na kurudi, ambao hupokea yaliyochujwa na kuyashughulikia hadi yawe mkojo.

Tuangalie hesabu yake. Kwa siku moja machujio ya mtu mzima mwenye afya hutoa kama lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Mkojo anaoutoa kwa siku hiyo ni kama lita moja na nusu tu. Zile lita nyingine zaidi ya 178 huwa zimekwenda wapi? Zimerudishwa mwilini na mirija. Figo, basi, hufanya kazi kama mwenye nyumba anayetoa vyombo vyote uani siku ya kufagia. Hachagui kwanza kipi ni takataka. Hutoa vyote, kisha hukirudisha ndani kimoja kimoja kinachofaa, na kisichofaa hukiacha nje. Chujio ndilo linalotoa. Mirija ndiyo inayorudisha. Iwapo anayerudisha amechoka, nyumba itabaki tupu hata kama kazi ya kutoa imefanywa vizuri.

Mrija wenyewe umegawanyika kwa kazi. Sehemu ya mwanzo hurudisha takriban theluthi mbili za maji na chumvi, pamoja na karibu sukari yote na sehemu kubwa ya fosfeti na ya bikaboneti, yaani ile chumvi inayopunguza asidi katika damu. Sehemu ya kati, iliyopinda kama kipini cha nywele na kupewa jina la mwanaanatomia Mjerumani Henle aliyeieleza katika karne ya 19, huuwezesha mkojo kukolea, na hurudisha sehemu kubwa ya magnesiamu. Sehemu ya mwisho hukamilisha hesabu: humwaga potasiamu na asidi iliyozidi, na hupokea amri ya homoni ya kuhifadhi maji inayotoka katika ubongo.

Figo katika nchi kame

Wenyeji wa Turkana hawahitaji kufundishwa thamani ya kuhifadhi maji. Lodwar hupata mvua ya kiasi cha milimita 200 hivi kwa mwaka, na joto la mchana kwa kawaida hukaribia au kupita nyuzi 35. Mito Turkwel, unaopita Lodwar, na Tarach, unaopita Kakuma, hubadilika sana kwa majira. Tarach huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wanawake na watoto huchimba humo kutafuta maji.

Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa pamoja na jamii ya Waturkana, ambao wataalamu wa vyuo vikuu vya Vanderbilt na California, Berkeley, walikuwa miongoni mwa waliouongoza. Watafiti walisoma jenomu kamili za watu 367 na kubainisha sehemu nane zilizoonyesha alama za mabadiliko ya kuzoea mazingira. Sehemu iliyojitokeza kwa nguvu zaidi ilihusu jeni iitwayo STC1. Jeni hii hufanya kazi katika figo na huitikia ile homoni ya kuhifadhi maji. Aidha, utafiti ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya waliopimwa walikuwa na upungufu wa maji mwilini, na bado kwa jumla walikuwa na afya njema. Watafiti walikadiria kwamba mabadiliko hayo yalianza kushika nguvu kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, wakati eneo hilo lilipozidi kuwa kame.

Habari hii inatufundisha kwamba katika nchi kama Turkana uhai wa mtu umeegemea mirija ya figo zake, si chujio peke yake. Lakini kuna jambo la kukumbuka. Figo lililopandikizwa hubeba jeni za aliyelitoa, si za aliyelipokea. Tena hata figo la ndugu wa damu, likiisha kutolewa mwilini, kupozwa, na kuunganishwa katika mwili mwingine, haliwi tena lile lile la awali.

Maana ya figo "kutulia"

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kwa muda mrefu ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, baina ya ndugu pacha wa kufanana. Daktari aliyeongoza upasuaji huo, Joseph Murray, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Katika Afrika Mashariki, Kenya imekuwa ikifanya upasuaji huu kwa miongo kadhaa, na siku hizi hufanywa Nairobi na Eldoret. Tanzania ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Uganda ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Mulago mwaka 2023.

Kwa kawaida mafigo mawili ya zamani hayaondolewi. Lile jipya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja wa nyonga. Hivyo mgonjwa huwa na mafigo matatu kama mafiga ya jikoni, isipokuwa hapa figa moja ndilo linalobeba chungu chote.

Baada ya upasuaji, kipimo kinachofuatiliwa kuliko vyote ni kreatinini. Hii ni taka inayotoka katika misuli, nayo kwa sehemu kubwa hutolewa kupitia chujio na hairudishwi. Kreatinini ikipanda, chujio limepungukiwa na nguvu. Ikikaa mahali pamoja mwezi baada ya mwezi, daktari husema figo limetulia. Kauli hiyo ni sahihi na ni ya kushukuriwa. Lakini ni kauli kuhusu chujio. Haisemi mengi kuhusu mirija.

Mfano wa karibu tunao. Mwezi Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kugunduliwa kwa hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, ikiwemo ile ya bonde la Lotikipi. Taifa zima lilishangilia wingi wa maji hayo. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yaliyopimwa yalikuwa na chumvi nyingi mno kuweza kunywewa bila kusafishwa. Kipimo cha wingi hakikuwa cha uongo; kilikuwa kimejibu swali moja tu, na swali la ladha lilikuwa bado halijaulizwa. Kreatinini nayo hujibu swali moja.

Kwa nini mirija huchoka

Sababu ni nyingi, na mara nyingi huchangamana. Ya kwanza ni safari yenyewe ya figo. Kwa muda fulani hukosa damu, kisha damu hurudi kwa ghafla. Chembe za mirija hutumia nguvu nyingi kuliko nyingine nyingi za figo, kwa hiyo ndizo huumia mapema.

Ya pili ni dawa zile zile zinazolilinda figo. Mwili humwona mgeni na kutaka kumfukuza. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuituliza kinga ya mwili. Mbili kati ya zilizo maarufu zimetokana na viumbe vya udongoni: saiklosporini ilitokana na kuvu wa udongo wa Norwei na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983, takrolimasi ilitokana na bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, waliobainishwa mwaka 1984. Dawa hizi zimeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Pamoja na hayo, huifanya mirija imwage magnesiamu inayotakiwa ibaki na kuzuia potasiamu na asidi zinazotakiwa zitoke.

Ya tatu ni tezi nne ndogo za shingoni zinazosimamia kalisiamu. Wakati wa miaka ya maradhi tezi hizi huzoea kufanya kazi kupita kiasi, na baada ya upandikizaji haziachi tabia hiyo mara moja. Huendelea kuiamrisha mirija itupe fosfeti. Ya nne ni mashambulizi: mwili kulikataa figo polepole, au maambukizi kama yale ya virusi vya BK, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo, ambavyo hupenda kuingia katika chembe za mirija.

Dalili na vipimo

Hapa ndipo ninapoweza kumrudia mwenzangu na karatasi yake. Kila alichokilalamikia kina mlango wake.

Magnesiamu ikipungua, misuli hukaza na mikono hutetemeka. Aidha, upungufu huo umehusishwa na kupata kisukari baada ya upandikizaji. Takrolimasi yenyewe inaweza pia kuleta mtetemeko, ndiyo maana kipimo kinahitajika, si kukisia. Fosfeti ikipungua, misuli hulegea na mifupa hudhoofika kwa muda mrefu. Asidi ikizidi katika damu, mwili huikopa mifupa na misuli ili kuipunguza. Potasiamu ikizidi ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu inaweza kuuvuruga moyo bila ya kutoa onyo lolote la kuhisiwa.

Mlango wa mwisho ni maji. Mirija mizima inaweza kuukoleza mkojo hadi mara nne ya ukolevu wa damu. Kwa hiyo taka za siku nzima zinaweza kutolewa kwa nusu lita tu ya mkojo. Mirija isiyoweza kuukoleza mkojo kuliko damu huhitaji lita mbili kutoa taka zile zile. Tofauti hiyo ya lita moja na nusu ndiyo inayomwamsha mtu usiku. Katika mji wenye mfereji na kivuli, hayo ni maudhi. Kwa mtu anayetembea juani kutoka Kakuma kwenda Kalobeyei, ni lita moja na nusu anayoipoteza ambayo jirani yake haipotezi.

Vipimo vya kuchunguza haya si vya ajabu. Potasiamu, bikaboneti, magnesiamu na fosfeti hupimwa katika damu. Ukolevu wa mkojo wa alfajiri hupimwa kwa urahisi. Sukari ikionekana katika mkojo ilhali ile ya damu ni ya kawaida, huweza kuwa ishara kwamba sehemu ya mwanzo ya mirija haiirudishi, ingawa zipo dawa za kisukari zinazofanya vivyo hivyo kwa makusudi.

Tiba nayo ipo: vidonge vya magnesiamu au fosfeti, bikaboneti ya kupunguza asidi, marekebisho ya chakula, na pengine kubadilisha kipimo cha dawa. Tusiahidi kupita kiasi, hata hivyo. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa wapandikizwa bikaboneti kwa miaka miwili na kuona kwamba, ingawa asidi ilipungua, kasi ya figo kudhoofika haikupungua. Kurekebisha hesabu ya damu si sawa na kuliponya figo. La muhimu zaidi, mgonjwa asijipunguzie dawa za kinga mwenyewe kwa sababu amesoma kwamba zinaichosha mirija. Mirija iliyochoka yaweza kusaidiwa. Figo lililokataliwa na mwili laweza kupotea kabisa.

Hali ya Lodwar na Kakuma

Lodwar ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Lakini anayehitaji kliniki ya wapandikizwa husafiri hadi Eldoret au Nairobi, na Eldoret pekee ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Lodwar. Anayetoka Kakuma huongeza kiasi cha kilomita 120 kabla ya kufika hata Lodwar. Kwa hiyo kati ya kliniki moja na nyingine, mgonjwa ndiye mlinzi wa figo lake. Mambo manne yanamhusu kwa namna ya pekee.

Kwanza ni maji. Baadhi ya visima vya Turkana vina chumvi na floridi nyingi. Mpandikizwa na amwulize daktari wake kiasi cha maji anachopaswa kunywa wakati wa joto kali, na amweleze ni maji ya wapi. Pili ni kuhara. Mtu akihara hupoteza maji na bikaboneti, na jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba kiwango cha takrolimasi katika damu yake kinaweza kupanda ingawa anameza vidonge vile vile. Kuhara kwa siku mbili ni sababu ya kwenda hospitalini.

Tatu ni dawa nyingine. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu hushusha sana kiwango cha takrolimasi, erithromaisini hukipandisha, Septrini, ambayo wapandikizwa wengi hupewa kuzuia maambukizi, huweza kuongeza potasiamu, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa dukani kama peremende, huliumiza figo. Kila anayemwandikia dawa mpya aambiwe kwanza kwamba yeye amepandikizwa. Nne ni chakula. Maziwa na nyama ndiyo maisha ya mfugaji, na maharagwe ndiyo chakula cha wengi kambini. Maziwa na maharagwe yana potasiamu, na nyama nyingi huongeza asidi. Si kusudi langu kumkataza mtu chakula cha kwao. Ninachosema ni kwamba ushauri wa lishe ulioandikwa kwa mla ndizi na machungwa hautamsaidia mtu ambaye hajaviona vitu hivyo tangu mwezi uliopita.

Suala la lugha

Kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, imekusanya watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Katika foleni ya zahanati, Mkongomani na Mturkana mara nyingi huelewana kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili hicho cha foleni hukoma mlangoni pa daktari, na karatasi hutoka ikiwa kwa Kiingereza.

Wanaisimu wetu hawakukaa bure. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Pengo lililobaki si la istilahi pekee. Ni la maelezo. Neno "limetulia" ni Kiswahili safi, na bado lilimpotosha mwenzangu, kwa sababu katika Kiswahili kitu kilichotulia ni kitu kisicho na shida. Daktari alimaanisha kwamba kipimo hakijabadilika. Mgonjwa alielewa kwamba malalamiko yake hayana msingi, akaacha kuyataja. Lau angeambiwa "chujio halijabadilika, sasa tuitazame mirija," angetaja misuli, angetaja usiku wake, na pengine angepimwa mwaka mmoja mapema.

Hitimisho

Tumeona kwamba figo hutoa na kurudisha. Kwamba kreatinini huipima zaidi kazi ya kwanza. Na kwamba mirija ya figo lililopandikizwa huweza kudhoofika kwa safari, kwa dawa, kwa tezi na kwa maambukizi, huku kipimo kikuu kikiwa pale pale. Tumeona pia kwamba udhaifu huo una uzito zaidi katika nchi ya joto na maji haba.

Niliporudi Lodwar wakati wa likizo, nilimwandikia mwenzangu maswali matano kwa Kiswahili, akayapeleka kliniki. Magnesiamu ilipimwa, ikakutwa iko chini, akaanzishiwa vidonge. Misuli imepunguza kumkaza. Usiku bado huamka, ila sasa huweka mtungi wa maji kando ya kitanda na anajua kwa nini. Ni rai yangu kwa wanachama wenzangu kwamba kila mmoja wetu, katika wilaya au kaunti atokako, amtafute mgonjwa mmoja mwenye karatasi asiyoielewa, aketi naye pamoja na mhudumu wa afya, na waiandike upya kwa Kiswahili. Maswali yale matano nimeyaweka hapa ili yatumike: Je, potasiamu yangu ni ngapi? Asidi je? Magnesiamu na fosfeti zimepimwa lini? Mkojo wangu unakolea? Na dawa hii mpya inapatana na zile za kulilinda figo langu?